Fimbo ya Kichwani

Dar es Salaam
3 Machi 1996

Kwa Shemeji Ernestine,

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Tangu msiba nimekutumia kadi moja tu ya Krismasi, na hata hiyo nadhani ilifika Pasaka. Usinichape kwa maneno kabla hujamaliza kusoma. Mimi ni mzima na bado niko maabara ileile. Nimepanda cheo kidogo, yaani naosha chupa zilezile ila koti langu jeupe limekuwa refu zaidi.

Nina kazi ya kukupa. Wizara, maabara yetu na kampuni ya tumbaku wamekaa meza moja, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kazi. Kampuni inaogopa kwamba mabani ya kukaushia tumbaku yanamaliza misitu na siku moja wakulima watakosa kuni kabisa. Wizara inasema itafutwe nishati nyingine. Sisi maabara tumesema mafuta ya mbegu za mbono yanaweza kuwaka vizuri kwenye jiko lililotengenezwa kwa ajili yake. Sasa zinatakiwa mbegu kutoka kila pembe, zipimwe, ijulikane mti upi una mafuta mengi. Nikasimama mkutanoni nikasema nina shemeji yangu Katumba, karani wa ghala la chama cha msingi, mwandiko wake kama wa mashine. Wakakubali palepale.

Nimekuwekea bahasha ishirini za kaki na fomu ishirini. Kila bahasha mti mmoja. Andika umri wa mti na nani aliupanda. Penye mahali weka tiki: shamba, uzio wa nyumba, kando ya njia, au mengineyo. Na usiandike mbono kaburi, andika mbono tu. Kampuni inasema hilo neno la pili linatia watu uoga. Ukikwama popote niulize, kuuliza si ujinga.

Kampuni imeahidi kwamba mabani ya Katumba yatakuwa ya kwanza kupewa majiko ya mafuta. Niliposikia hivyo nilimkumbuka kaka Josephat. Kama majiko yangekuwepo mwaka ule wa 93, asingeingia porini kukata kuni za bani, na mti usingemwangukia. Nisaidie, Shemeji, asife mwingine.

Mvua huko zikoje? Msalimie Prisila.

Shemeji yako,
Isidori


Kanoge, Katumba
29 Machi 1996

Shemeji Isidori,

Bahasha zimefika zote ishirini, pamoja na penseli, kana kwamba Katumba hatuna penseli. Ahsante.

Kadi yako haikufika Pasaka. Ilifika Juni, ina picha ya theluji. Prisila ameibandika ukutani, na akiulizwa baba mdogo anaishi wapi anaonyesha ile theluji. Nimeshindwa kumkatalia.

Kazi nimeikubali. Sio kwa ajili ya kampuni, maana mimi ndiye ninayesimama ghalani wakati mkulima anaambiwa jani lake ni la daraja la mwisho. Nimeikubali kwa ajili ya mstari wako kuhusu kaka yako. Kuni tunazifuata mbali kuliko zamani, na huko mbali ni nje ya makazi. Unajua sisi wakimbizi hatuvuki mpaka bila kibali cha mkuu wa makazi. Basi watu wanakwenda haraka, wanakata haraka, wanarudi haraka kabla karatasi haijaisha muda. Mti humwangukia mtu mwenye haraka. Josephat alikuwa Mkonongo wa Ilembo, mwenyeji, hakuhitaji kibali cha mtu, lakini wenzake aliokuwa nao walikihitaji, na alikimbizana na muda kwa ajili yao.

Mvua ni nzuri. Sasa nami nikuulize. Barua yako ina kurasa mbili, umeuliza habari za mvua na umri wa miti. Kuna jambo moja hujaliuliza. Nimeisoma mara tatu nikilitafuta. Sikuambii ni lipi. Kuuliza si ujinga, umesema mwenyewe.

Shemeji yako,
Ernestine


Kanoge, Katumba
12 Mei 1996

Dada Athanasie,

Kwanza pole na mguu. Ningekuja Mishamo kukuona, lakini kibali wananiambia nisubiri mwezi wa saba, kana kwamba mguu wako nao utasubiri.

Nikusimulie vituko vya shemeji yangu. Isidori, yule mdogo wake Josephat, aliyesomeshwa kwa tumbaku ya Josephat mpaka akatoka chuo, ameniandikia. Anataka mbegu za mbono zipelekwe Dar zikapimwe mafuta. Kazi yenyewe ni njema na nimeifanya, nimezunguka kijiji kizima na bahasha zangu mpaka watu wananiita Mama Bahasha. Lakini Dada, miaka miwili na nusu tangu tumzike kaka yake, na hajawahi kuniuliza tulimzika wapi. Sio kwenye kadi, sio kwenye barua. Anauliza mvua.

Unakumbuka siku ile. Mzee Yotham, baba mkwe wangu, alikataa mwili upelekwe kwao Ilembo, akasema aliyehamia kwa wakimbizi azikwe na wakimbizi. Mama mkwe akaja peke yake kwa miguu. Tulipofika kwenye kupanda mbono, majirani wakapanda fimbo za pembeni, kila mmoja yake, halafu wazee wakasema ya kichwani hupandwa na ndugu wa tumbo moja. Mfukoni nilikuwa na telegramu ya Isidori: POLENI SANA SAFARI HAIWEZEKANI KAZI. Nikaichukua ile fimbo nikaipanda mwenyewe, nikasema naipanda kwa mkono wa Isidori. Wazee wakaniacha kwa huruma. Niliificha aibu yake, Dada, mbele ya watu wote wale.

Sasa sikiliza nilichofanya. Bahasha ya kumi na nne niliiruka, kwa sababu tulimzika tarehe kumi na nne. Jumapili iliyopita baada ya ibada nikaenda makaburini nikaijaza kutoka kwenye mti wa kichwani. Umenipita urefu, unazaa sana. Nilipokuwa nachuma nilimwambia Josephat kwamba mbegu zake zinakwenda Dar kwa mdogo wake, labda zitasaidia watu waache kufia kuni. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi.

Kwenye fomu penye mahali hakuna kaburi. Nikaweka tiki penye mengineyo. Nimenyamaza makusudi. Mtoto wa Ilembo anajua mbono hupandwa wapi. Akitaka kujua mengineyo ni nini, ataniuliza, na hapo ndipo nitakapomwambia.

Mdogo wako,
Ernestine


Dar es Salaam
19 Agosti 1996

Shemeji mpendwa,

Keti kwanza. Bahasha namba kumi na nne imeshinda zote. Sio za Katumba tu, zote za nchi nzima. Mafuta yake ni sehemu arobaini na moja kwa mia, tumepima mara tatu kwa sababu mkuu wa maabara hakuamini. Alikuja mwenyewe mezani kwangu, na leo ananiita kwa jina langu. Zamani nilikuwa "wewe kijana wa Mpanda."

Mtu wa wizara ametaja sampuli hiyo kwenye hotuba. Mtu wa kampuni ameomba nakala ya fomu. Mimi wamenitaja kwenye orodha ya watu wa kwenda kusoma nje miaka miwili, mradi ukisimama vizuri. Ni orodha tu, lakini sijawahi kuwa kwenye orodha yoyote isipokuwa ya zamu.

Tafadhali uangalie mti ule kama mboni ya jicho. Zuia watu wasiuchezee.

Wako katika furaha,
Isidori


Kanoge, Katumba
2 Septemba 1996

Shemeji,

Hongera. Nimewasomea watu wa ghalani barua yako wakapiga makofi, na mzee mmoja akauliza majiko yanakuja lini. Nikamwambia kampuni imeahidi. Akacheka mpaka akakohoa.

Usiwe na wasiwasi, mti huo hakuna anayeuchezea. Hata mbuzi wanapita mbali, na watoto tumewakataza tangu wanapojifunza kutembea. Fomu inasema ulipandwa Septemba 1993 na mimi. Hesabu inakubali, ila kwa haki haukuwa wangu kuupanda. Kuna mtu mwingine alitakiwa aupande, hakutokea.

Tarehe kumi na nne mwezi huu tunafanya ibada ya kumkumbuka Josephat, mwaka wa tatu. Gari moshi linatoka Tabora kama kawaida. Njoo, Isidori. Hata kama Mzee Yotham bado ana hasira, wewe hujagombana na mtu. Njoo uuone na mti wako. Nitakupikia maharage na ndizi, yale uliyokuwa unasema hakuna Mkonongo anayeweza kuyapika.

Shemeji yako,
Ernestine


Dar es Salaam
6 Oktoba 1997

Shemeji Ernestine,

Nisamehe, mwaka mzima umepita. Mwaliko wako niliupata, siku hizohizo tukaletewa wageni wa kukagua maabara, halafu mambo yakafuatana kama siafu.

Habari kubwa ni kwamba makubaliano ya pande tatu yametiwa saini. Walikuwepo wapiga picha. Wizara inatoa kibali, maabara inatoa utaalamu, kampuni inatoa shamba na magari. Sisi tulipendekeza tuchukue fimbo chache tu. Kampuni ikakataa. Mbegu ya mbono haimfuati mama sawasawa, fimbo ndiyo inamfuata, na wao wanataka miti yote ya mahali hapo, shina na mizizi, isije ikaangukia mikononi mwa wengine. Itahamishiwa shamba lao lililo mbali na Mpanda. Lori litakuja kabla ya Krismasi. Bwana shamba wao anaitwa Manyanda, ni Msukuma mpole, mtaelewana.

Kuhusu majiko, hilo limesogezwa awamu ya pili. Mimi nililisemea.

Jambo dogo la karatasi. Kwenye fomu ya kumi na nne uliweka tiki penye mengineyo. Mwanasheria wa kampuni hakulipenda, akasema mengineyo ni mlango wa kesi. Nikalifuta nikaweka uzio wa nyumba, maana najua uzio wenu pale nyumbani. Kama mwenye sampuli natakiwa kutia saini idhini ya kung'oa, nami nimeshatia. Wewe utatia saini ya kushuhudia siku ya kazi. Utapanda uzio mwingine, na kampuni itakupa miche ya mkaratusi kama fidia.

Safari yangu ya masomo imepangwa Februari. Niombee.

Isidori


Mishamo
25 Oktoba 1997

Ernestine mdogo wangu,

Barua yako imenifikia na nakala ya barua ya huyo mtu, na nimekasirika na nyie wote wawili. Yeye kwa sababu haulizi. Wewe kwa sababu umekaa na jibu mkononi mwaka na nusu, unangoja aombe.

Umempa mtihani bila kumwambia kwamba ni mtihani. Josephat hakuwa mtu wa kufanya hivyo. Mnyang'anye Isidori nafasi ya kusema hakujua. Mwandikie wazi, neno kaburi uliandike kwa herufi kubwa, na uiandike leo. Kiburi chako kisije kikamng'oa mumeo.

Dada yako,
Athanasie


Kanoge, Katumba
4 Novemba 1997

Isidori,

Nimekwenda posta ya Mpanda mara mbili kukupigia simu. Mara zote wamesema uko semina. Kwa hiyo naandika, na leo sifichi kitu, maana dada yangu amenigombeza na amenigombeza kwa haki.

Mti namba kumi na nne hauko kwenye uzio wa nyumba yangu. Uko kichwani pa KABURI la kaka yako. Makaburi ya Kanoge, upande wa kulia ukitokea kanisani, mstari wa tatu. Miti mingine inayouzunguka ni fimbo walizopanda majirani siku ya mazishi. Ukileta lori kung'oa miti yote ya mahali hapo, unamng'oa Josephat. Sisi hapa hatuna mawe wala saruji. Wazee wetu walikuja mwaka 72 wakidhani watarudi, hawakutaka kujengea wafu wao kitu cha kudumu ugenini. Mbono ndiyo jiwe letu. Mbono ikitoka, mvua mbili tu, hakuna anayejua nani amelala wapi.

Fimbo ya kichwani ilikuwa yako kuipanda. Hukuja, nikaipanda mimi, nikataja jina lako. Niliweka tiki penye mengineyo kwa sababu fomu yenu haikuwa na kaburi, na nikanyamaza kwa sababu nilitaka uniulize. Hilo ni kosa langu na naliomba msamaha. Nilikuwa na uchungu na wewe. Ningekwambia tangu mwanzo.

Sasa nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu. Simamisha lori. Piga simu moja kwa kampuni, waambie fomu imekosewa. Wakitaka fimbo nitawakatia mwenyewe, kumi, ishirini, za kutosha, mti ubaki. Mbegu nitawapa kila mwaka bure. Sizuii mradi wenu. Nazuia kaburi.

Nijibu hata kwa maneno matatu.

Ernestine


Dar es Salaam
9 Januari 1998

Shemeji yangu mpendwa,

Sijui nianzie wapi. Barua yako ya tarehe nne Novemba imenifikia juzi, tarehe saba Januari. Unajua mvua hizi zilivyofanya, reli imekatika sehemu nyingi, mifuko ya barua imelala Tabora wiki na wiki. Niliposoma nililia ofisini mbele ya watu. Wakati huo tayari nilikuwa nimeletewa taarifa kwamba kazi ya Kanoge ilikamilika tarehe kumi na moja Desemba, miti yote imefika salama.

Wallahi ningejua, ningelisimamisha lori hata kwa kulala mbele yake. Lakini ningejuaje? Fomu ilisema uzio wa nyumba, nami niliamini hivyo hadi juzi. Tumekosea wote wawili, Shemeji, wewe kwa kunyamaza, mimi kwa kudhani. Tusameheane, mbele ya Mungu na mbele ya kaka.

Nasafiri tarehe ishirini na tatu Februari. Nikirudi nitakuja moja kwa moja Kanoge, nitamjengea kaka kwa saruji, na jina lake lichongwe. Wewe nionyeshe mahali tu. Mkuu wa maabara ametoa wazo kwamba aina hii ya mbono ipewe jina la Josephat. Kampuni bado inafikiria, wao wanapendelea namba.

Ndugu yako katika majonzi,
Isidori


Kanoge, Katumba
8 Februari 1998

Isidori,

Nakusimulia ilivyokuwa, kwa kuwa hukuwepo, na kutokuwepo ndiyo kazi yako.

Lori lilikuja Alhamisi saa nne asubuhi. Nilikuwa ghalani. Mtoto wa jirani alikuja kuniita, nikakimbia na kalamu mkononi. Nilipofika walikuwa wameshang'oa za pembeni zote na wanachimba kichwani. Wanawake walikuwa wamesimama, hakuna aliyepiga kelele. Kulikuwa na askari mmoja wa makazi na karatasi ya kibali, na sisi ni watu tunaojua karatasi ni nini.

Manyanda ni mpole kama ulivyosema. Aliponiona alivua kofia. Nikamwambia hapa amelala mume wangu. Akasema, "Mama, mimi niliambiwa ni uzio. Leo asubuhi ndiyo nimepewa karatasi mpya, nikaona imebadilika, nikauliza ofisini mengineyo ni nini. Wakasema ni mengineyo."

Nikamwomba hiyo karatasi. Nilitakiwa nitie saini ya kushuhudia, kwa hiyo alinipa, na nakala ya kaboni imebaki kwangu kama kawaida ya kazi. Ninayo hapa mezani.

Ni fomu ya kumi na nne, ileile. Tiki ya uzio wa nyumba imekatwa kwa mstari mmoja. Tiki imerudishwa penye mengineyo. Pembeni pameandikwa "imesahihishwa," na saini, na tarehe. Saini ni yako, ile I yenye mkia mrefu ambayo Josephat alikuwa anaicheka. Tarehe ni ishirini na nne Novemba.

Barua yangu ilikufikia, Isidori. Mtu pekee duniani aliyejua kwamba pale si uzio wa nyumba, mbali na watu wa Kanoge na dada yangu, ni mtu aliyeisoma barua yangu. Uliisoma Novemba. Ulikuwa na siku kumi na saba. Simu moja ingetosha. Wewe ukachukua kalamu ukasahihisha fomu, ili siku ya kesi karatasi yako iwe safi, halafu ukaliacha lori lije.

Nilikaa na jambo hili mwezi mzima. Nilisema labda aliogopa. Labda walimtisha na ile safari ya masomo. Nilikuwa nimeshaanza kukuonea huruma, naapa. Halafu ikaja barua yako ya reli na machozi. Ungeandika "niliogopa," ningekusamehe, maana uoga naujua, nimezaliwa nao. Lakini umenitaka mimi nibebe nusu ya kosa, na sijui kama ulijua nakala iko kwangu au hukujua. Nadhani hukujua. Watu wa maabara hamfikirii kwamba karani anatunza nakala.

Kosa langu la kunyamaza ni langu, nimelitubu kanisani mbele ya watu, kwa sababu waling'oa na miti ya makaburi mawili ya jirani kwa usalama, kama walivyosema, na wenye makaburi hayo hawanisalimii. Mama wa Melkiadi, ambaye mwanawe wa kwanza amelala katika moja ya makaburi hayo, anapita ghalani anaangalia chini. Jina la Mama Bahasha sasa linatamkwa vingine.

Mabani yanawaka kuni mwaka huu kama mwaka jana. Wiki iliyopita vijana wanne wamekwenda porini kwa kibali cha siku moja.

Unaniomba nikuonyeshe mahali. Mvua za mwaka huu umeziona kwenye magazeti. Paliposimama mbono pana shimo na tope, na pembeni yake tope jingine. Mimi bado napajua kwa hatua kutoka kanisani. Prisila nimempeleka akahesabu naye, ili tuwe wawili tunaojua. Saruji usilete. Baba yenu alisema Josephat azikwe na wakimbizi, basi ana kaburi la wakimbizi.

Kabla lori halijaondoka, Manyanda alipanda juu akarudi na fimbo tano, akanipa bila kuangalia watu, akasema, "Hizi sikuzihesabu." Nimezipanda. Zimeshika zote, mbono haibagui msimu. Mbili upande wa kulia, mbili upande wa kushoto, moja miguuni.

Kichwani sikupanda kitu. Mara ya kwanza nilipanda kwa mkono wako, na huo ulikuwa uongo wa kwanza katika hadithi hii yote, kabla hata ya fomu. Sasa nimepaacha wazi. Watu wa hapa wanajua maana yake. Wakipita wanaona pengo, wanajua marehemu huyu ana ndugu wa tumbo moja, yuko hai, na hakuja.

Safari njema.

Ernestine, mjane wa Josephat